Wagonjwa 88 waliobaki

Nianze na hesabu. Mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998, wagonjwa 115 wa homa ya kutoka damu kutoka Kenya na kusini mwa Somalia walipimwa. Waliopatikana na ushahidi wa maambukizi mapya ya homa ya Bonde la Ufa walikuwa 27, yaani asilimia 23. Wakabaki 88.

Mvua za El Niño zilikuwa zimeigeuza nyika ya Garissa kuwa ziwa. Mbu walizaliana kupita kiasi, mifugo ikaharibu mimba na kufa, na kufikia Desemba wilaya ya Garissa ilikuwa imeripoti vifo 170 vya watu waliotokwa damu. Ugonjwa wa homa ya Bonde la Ufa wafugaji Wasomali wanaujua kwa jina la sandik, damu ya puani, na sayansi inaujua tangu 1931, ulipoelezwa kutoka shamba moja la kondoo karibu na Naivasha. Kwa hiyo maabara zilipothibitisha homa ya Bonde la Ufa, jibu lilikuwa sahihi. Makadirio ya baadaye yalisema watu wapatao 27,500 waliambukizwa Garissa pekee. Jibu kubwa kiasi hicho lingetosha kufunga jalada.

Halikufungwa, na hapo ndipo ninapoona ubora wa kazi ya watafiti. Kweli, si kila mmoja kati ya wale 88 alikuwa na ugonjwa mwingine. Kingamwili aina ya IgM huchukua siku kadhaa kuonekana, na virusi vyenyewe huondoka kwenye damu upesi, hivyo damu iliyotolewa siku isiyofaa huweza kukosa vyote viwili. Lakini wagonjwa wawili, mmoja wa Kenya na mmoja wa Somalia, walitoa virusi hai ambavyo havikuwa vya Bonde la Ufa. Hicho ni kitu kilichopo, wala hakiwezi kuelezwa kwa kuchelewa kwa sampuli.

Michael Bowen, Stuart Nichol na wenzao, wengi wao wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa (CDC) mjini Atlanta, walianza na hadubini ya elektroni. Umbo lilionyesha ukoo wa bunya, ambao virusi vya Bonde la Ufa navyo viliwekwa humo wakati huo. Umbo hutaja ukoo tu, halitaji jina. Wakatengeneza vipande vifupi vya DNA vya kunasa vinasaba vya ukoo huo, mithili ya chambo, kisha wakavizidisha kwa PCR na kuvisoma herufi kwa herufi.

Vinasaba vya virusi hivi vimegawanyika vipande vitatu vya RNA. Kirefu, L, hubeba maelekezo ya kimeng'enya kinachonakili vinasaba. Kifupi, S, hutoa protini inayoifunika RNA. Cha kati, M, hutoa protini za juu ya gamba, zile zinazoshika seli ya binadamu na kuingia ndani yake. L na S vililingana karibu kabisa na virusi vya Bunyamwera, vilivyopatikana kwa mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1943, na ambavyo havikuwa vimehusishwa na ugonjwa mkali kwa watu. Wangeishia hapo wangeandika "Bunyamwera" na kuwatafutia wagonjwa hao sababu nyingine.

Walisoma na M. Kikatofautiana na M ya Bunyamwera kwa karibu theluthi ya herufi zake. Msomaji wa Garissa ataelewa haraka: ni ngamia wa ukoo mmoja mwenye chapa ya ukoo mwingine. Hili hutokea virusi viwili vinapoingia katika seli moja. Kila kimoja hunakili vipande vyake humo, na wakati wa kufungasha virusi vipya vipande huchanganyika. Na kwa kuwa kipande kilichobadilishwa ndicho kinachosimamia kuingia kwenye seli, si ajabu tabia ya ugonjwa nayo kubadilika.

Watu wawili ni wachache mno kuhukumia virusi. Timu ilirudi kwenye damu ya wagonjwa wengine iliyochukuliwa siku za homa kali, ikakuta RNA ile ile kwa 12 zaidi. Ripoti ilitoka 2001, na jina lililopendekezwa likawa virusi vya Garissa.

Jina halikudumu. Mwaka 2004 Sonja Gerrard na wenzake walilinganisha kipande cha M cha virusi 21 vya jamii hiyo, wakakuta cha Garissa na cha Ngari, virusi vilivyokwisha kupatikana kwa mbu wa Senegal, ni karibu kimoja. Mwaka 2006 kundi la Thomas Briese likaonyesha mwenye M: virusi vya Batai, vilivyotambuliwa kwanza Malaysia. Nimesikia watu wakisikitika kwamba Garissa ilinyang'anywa jina lake. Mimi sisikitiki. Jina la Ngari linamwambia daktari wa Dakar kwamba mgonjwa wa Garissa anamhusu.

Mwaka 2010 homa ya Bonde la Ufa ilizuka Mauritania. Watafiti walipopima damu ya mbuzi wa huko, walikuta Ngari ndani ya mlipuko huo huo.