Jina Lisilo na Mwenyewe: Uhakiki wa Istilahi za Uungaji wa Programu

Istilahi hupimwa kazini. Neno laweza kupendeza katika orodha, likasomwa vizuri mbele ya kamati, na bado likampoteza mtumiaji wake siku anapolitegemea. Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno machache ambayo baadhi ya walimu na wafasiri wetu huyatumia wanapoeleza hatua moja ya utengenezaji wa programu za kompyuta, yaani hatua ya kuunga vipande vilivyokwisha kutafsiriwa ili vitoe maktaba ya pamoja. Hatua hiyo ina hitilafu zake mahsusi, nazo huwachosha wanafunzi kuliko makosa ya sarufi ya lugha ya programu. Rai ya makala haya ni kwamba sehemu ya uchovu huo huletwa na maneno yetu wenyewe, kwa kuwa hayamwonyeshi mwanafunzi ni nani anayelalamika wala analalamikia nini.

Suala hili si dogo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema na mtumiaji kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilimfaa karani, mhasibu na mwalimu. Mjenzi wa programu hakuwa mlengwa wake. Kwa upande mwingine, ndani ya GCC, mkusanyiko wa kompaila unaotumiwa na wajenzi duniani kote, limewahi kuwamo faili la tafsiri ya Kinyarwanda, lugha ya jirani zetu wa ng'ambo ya mto Kagera. Siku ujumbe wa zana kama hizo utakapofasiriwa kwa Kiswahili, maneno yaliyozoeleka madarasani ndiyo yatakayoingia. Yafaa basi tuyachunguze mapema.

1. Wahudumu watatu

Kabla ya kuhukumu maneno, hatuna budi kueleza mambo yenyewe. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi wa Muleba anaandika, kwa lugha ya C, kazi inayokokotoa malipo ya mkulima wa kahawa katika chama cha msingi: kilo za maganda mara bei. Kazi hiyo anaiita malipo. Anataka kuiweka katika maktaba ya pamoja itakayoitwa libkahawa.so, ili programu ya mizani na programu ya hesabu ziitumie bila kila moja kubeba nakala yake.

Hapo watahudumu watatu. Wa kwanza ni kompaila. Yeye husoma faili moja moja na kulitafsiri kutoka lugha ya C hadi lugha ya mashine. Akikuta jina malipo limetajwa ndani ya faili asilolionea fasili yake, huridhika mradi ameonyeshwa tangazo, yaani taarifa kwamba kazi ya jina hilo ipo na huchukua vitu vya aina fulani. Huacha pengo, akaendelea. Wa pili ndiye anayeunga mafaili yaliyotafsiriwa, akajaza mapengo hayo kwa kulipatia kila jina lililotajwa mwenyewe wake. Wa tatu huamka programu inapoanza kutumika: huitafuta maktaba ya pamoja kwenye diski, akaipakiza katika kumbukumbu ya kompyuta na kukamilisha yaliyobaki.

Kila mmoja ana malalamiko yake, na kila lalamiko lina tiba yake. Wa kwanza akilalamika, mwanafunzi afungue faili aliloliandika. Wa pili akilalamika, aghalabu faili halina dosari yoyote, na la kutazamwa ni amri ya kuunga: je, mafaili yote yametajwa, na maktaba zote? Wa tatu akilalamika, hata amri ya kuunga ilikuwa sahihi, ila maktaba haipo mahali inapotafutwa. Istilahi isiyowatenganisha watatu hawa humtuma mwanafunzi kulima shamba lisilo lake.

2. Neno "kukusanya"

Wapo wanaoiita kazi ya kompaila "kukusanya", na kompaila yenyewe "kikusanyi". Hii ni tafsiri ya neno kwa neno, kwa kuwa nje ya kompyuta kitenzi hicho cha Kiingereza kina maana ya kukusanya habari au kutunga orodha. Lakini kompaila haikusanyi kitu. Hupokea faili moja, ikatoa faili moja.

Historia ya neno hili inafundisha. Mwaka 1952 Grace Hopper, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, alikamilisha programu iliyoitwa A-0 kwa ajili ya mashine ya UNIVAC. Programu hiyo ilichukua vipande vya kazi vilivyokwisha andaliwa, ikavitoa katika maktaba yake na kuviweka pamoja. Wakati huo jina lilisadifu: A-0 ilikusanya kweli. Kwa istilahi za leo, ilikuwa karibu zaidi na mhudumu wetu wa pili kuliko wa kwanza. Baadaye jina likahamia kwa programu za kutafsiri lugha, na wenye Kiingereza wakaendelea nalo kwa mazoea.

Mfasiri anayeandika "kukusanya" leo anachukua maana ambayo Kiingereza chenyewe kimekwisha kuiacha. Isitoshe, anamnyang'anya mhudumu wa pili kitenzi kinachomstahili, maana ndiye anayekusanya vipande. Mwanafunzi akiambiwa "kosa katika kukusanya", atadhani tatizo liko mahali vipande vinapokutana, ilhali liko katika mstari wa kumi na mbili wa faili lake. Neno kompaila limeenea na halina maana nyingine katika Kiswahili. Libaki, na kitenzi chake kiwe "kutafsiri kwa kompaila".

3. Kiunganishi, kiungo, kiungaji

Mhudumu wa pili ameitwa na wengine "kiunganishi". Kila mwalimu wa Kiswahili anajua kwamba kiunganishi ni aina ya neno: na, lakini, au. Mwanafunzi anayesoma sarufi asubuhi na kompyuta mchana atakuwa na viunganishi viwili visivyo na uhusiano. Wengine wamejaribu "kiungo", lakini neno hilo limekwisha kukaa imara katika wavuti, ambako ni maneno yanayobofywa ili kufungua ukurasa mwingine, mbali na viungo vya mwili na vya mchuzi.

Pendekezo letu ni kiungaji. Shina lake ni lile lile la kuunga, umbo lake ni la chombo kinachotenda, na halina mwenyewe mwingine wa kugombania naye. Tendo litakuwa uungaji, na amri itakuwa amri ya kuunga.

4. Si alama, ni jina

Hapa ndipo penye madhara makubwa zaidi. Lalamiko la kawaida la kiungaji limefasiriwa hivi: "alama isiyofafanuliwa". Maneno yote mawili yanapotosha.

Alama, kwa mwanafunzi wa Kiswahili, ni nukta, mkato, alama ya kuuliza. Lugha ya C imejaa alama za namna hiyo, na nuktamkato moja ikisahauliwa kompaila hugoma. Basi anayesoma "alama isiyofafanuliwa" hurudi kwenye faili lake kuhesabu nuktamkato, kumbe zote ziko sawa. Zingekuwa na kasoro kompaila ingekwisha kusema. Kiungaji hakijui nuktamkato. Kinachokijua ni majina: majina ya kazi na ya vitu vya kuhifadhia data. Neno liwe jina.

Ama "kufafanua", ni kueleza kwa uwazi zaidi jambo ambalo tayari lipo. Mwanafunzi akiambiwa jina halijafafanuliwa, ataongeza maelezo, na pengine ataandika tangazo la pili. Lakini tangazo halikukosekana. Kilichokosekana ni fasili, yaani kazi yenyewe na hatua zake. Tofauti ya tangazo na fasili ndiyo mhimili wa somo hili, na haifai kufunikwa na kitenzi kimoja. Ujumbe ulio wazi ungesomeka hivi: "Jina malipo limetajwa, lakini fasili yake haikupatikana." Kwa ufupi: jina lisilo na mwenyewe.

Msomaji wa ujumbe huo atauliza swali sahihi: mwenyewe yuko wapi? Huenda faili lenye fasili halikutajwa katika amri ya kuunga. Huenda maktaba haikutajwa. Ikumbukwe kwamba libkahawa.so huitwa kwa -lkahawa, na anayeandika -llibkahawa atatafutiwa liblibkahawa.so. Huenda mpangilio ni mbaya: kiungaji cha GNU husoma amri kutoka kushoto kwenda kulia, na maktaba isiyo ya pamoja ikitajwa kabla ya faili linaloihitaji hupitwa kana kwamba haina kazi.

Liko pia tatizo la pekee la maktaba ya pamoja. Katika Linux, maktaba hiyo huweza kuungwa ikiwa na majina yasiyo na wenyewe, bila kelele yoyote, kwa kutumaini kwamba watapatikana baadaye. Lalamiko hutokea siku programu nyingine inapoitumia, na lawama humwangukia mtu mwingine. Anayetaka kujua mapema aongeze agizo la -Wl,-z,defs wakati wa kuunga maktaba.

5. Jina lenye wenyewe wawili: mfano wa Kimwani

Hitilafu ya pili ni kinyume cha ile ya kwanza. Jina lina fasili mbili. Mfano wa kulieleza hili tunao nyumbani. Kimwani ni mahali kusini mwa Wilaya ya Muleba, na hapo kale palikuwa na utawala wa jina hilo miongoni mwa tawala za Buhaya, kama Kiziba na Kianja. Lakini Kimwani vilevile ni lugha ya watu wa pwani ya Cabo Delgado, Msumbiji, pamoja na kisiwa cha Ibo, nayo ina undugu na Kiswahili. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kwamba ki- mbele ya jina la watu huashiria lugha, akikutana na "Kimwani" bila maelezo huweza kuelekea Msumbiji moja kwa moja, wala hatambui kwamba amepotea.

Kiungaji kikikuta fasili mbili za jina moja katika mafaili ya kazi moja, hukataa na kusema. Huko ni kupona. Lakini fasili hizo zikiwa katika maktaba mbili za pamoja, katika Linux hakuna lalamiko: ile inayotangulia katika mpangilio ndiyo inayoshika, na programu huendelea kwa utulivu ikitumia malipo ambayo siyo. Mkulima atalipwa kwa hesabu ya maktaba nyingine. Kwa hiyo "marudio ya jina", kama wengine waandikavyo, hayatoshi, kwa kuwa jina hurudiwa mara nyingi kihalali. Tuseme fasili mbili za jina moja.

6. Umbo la jina

Lugha inayoandikwa Kihaya katika vitabu vya Kiswahili, wengine huiandika Ruhaya au Oluhaya. Mtu akiitafuta katika faharasa kwenye K, na aliyeipanga ameiweka kwenye R, ataambiwa haimo. Kitu kipo, ila umbo la jina ni jingine.

Ndivyo ilivyo kati ya C na C++. Kompaila ya C huliacha jina malipo kama lilivyo. Ya C++ hulitia viambishi vinavyoonyesha aina ya vitu vinavyopokewa, hata malipo inayopokea namba mbili za desimali ikawa _Z6malipodd: 6 ni idadi ya herufi za jina, na kila d ni namba moja. Programu ya C++ ikitafuta umbo hilo katika maktaba iliyotengenezwa kwa C, haitalipata. Tiba ni kuweka extern "C" katika tangazo, na programu nm humwonyesha mtu maumbo yaliyomo ndani ya maktaba. Jambo hili limeitwa na wengine "uharibifu wa majina". Hakuna kilichoharibika. Wanasarufi wetu wanalo neno linalolingana nalo kabisa: uambishaji. Tuseme uambishaji wa majina.

7. Kosa na hitilafu

Mwisho, tusiite kila lalamiko "kosa". Kosa lina mkosaji. Hitilafu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kutokulingana, na malalamiko mengi ya kiungaji ni ya vitu viwili vilivyo sahihi ambavyo havilingani. Hata kile kinachomtaka mtu atafsiri upya mafaili yake kwa agizo la -fPIC hakimshutumu kwa sarufi: kinasema tu kwamba yalitafsiriwa kwa kutegemea anwani maalumu za kumbukumbu, ilhali maktaba ya pamoja haijui itapakizwa kwenye anwani gani. Mhudumu wa tatu naye aitwe kipakizi, ili asichanganywe na kupakia faili kwenye tovuti.

Watakuwapo watakaosema kwamba ujumbe wenyewe huja kwa Kiingereza, kwa hiyo tuuache. Lakini mwalimu akishausoma huueleza kwa Kiswahili, na ni maelezo hayo ambayo mwanafunzi huondoka nayo.

Inapendekezwa basi kwamba kompaila, kiungaji na kipakizi yachukuliwe kama majina ya wahudumu watatu. Jina, tangazo na fasili yatumike mahali pa alama na ufafanuzi. Maktaba ya pamoja ibaki, kwa kuwa imekwisha kueleweka. Na hitilafu itengwe na kosa. Kabla ya kusanifiwa, maneno haya yajaribiwe kwa njia rahisi: mwanafunzi apewe ujumbe wa hitilafu ulioandikwa kwa Kiswahili peke yake, kisha aulizwe ni faili lipi au amri ipi atakayoitazama kwanza. Akijibu sawasawa, neno limefaulu. Akianza kuhesabu nuktamkato, turudi mezani.