Mwanamke kama Malipo: Madhavi na Wenzake wa Pembeni katika Tendi za Kihindi

Mjadala wa usawiri wa wanawake katika tendi kuu za Kihindi, Ramayana na Mahabharata, aghalabu huanza na kuishia kwa Sita, Draupadi na Kunti. Mwanafunzi anayetaka kuuliza juu ya wengine huambiwa kuwa hao ni wahusika wasaidizi, na mhusika msaidizi, kama tujuavyo sote, hatahiniwi. Makala haya yanakusudia kuwaangalia wawili kati ya hao wengine, Madhavi na mwanamke wa Kinishada asiyepewa jina, ili kuonyesha kwamba upembe wao si wa bahati mbaya. Kabla ya kuwafikia, hatuna budi kupitia kwa Urmila, kwa kuwa ndiye aliyezoeza wahakiki namna fulani ya kuwasikitikia wanawake waliosahauliwa.

Lawama dhidi ya watunzi wa kale haikuanzishwa na ufeministi wa Kimagharibi, kama inavyodhaniwa mara nyingi. Rabindranath Tagore, katika insha iliyomo ndani ya mkusanyiko wake wa 1907 kuhusu fasihi ya kale, alimshutumu Valmiki kwa kumtelekeza Urmila, mkewe Lakshmana. Hoja yake ni rahisi kuthibitisha. Rama anapohamishiwa msituni kwa miaka 14, Sita hupewa nafasi ya kubishana na mumewe mpaka akubaliwe kuandamana naye. Lakshmana naye anamfuata nduguye, lakini Urmila haagwi. Mnamo 1908 Mahavir Prasad Dwivedi aliirudia lawama hiyo kwa wasomaji wa Kihindi, na Maithili Sharan Gupt akaijibu kwa utendi wake Saket (1931), ambamo sura nzima ya tisa ni maombolezo ya Urmila. Ni kazi yenye ufundi. Hata hivyo, kile Urmila anachopewa na Gupt ni machozi, na machozi hayo yanathibitisha tu kwamba alikuwa mke mwema. Nyimbo za wanawake wa Kitelugu, ambazo Velcheru Narayana Rao alizichunguza katika makala yake ya 1991, zinamtendea kwa ujasiri zaidi: Urmila analala usingizi miaka yote 14, na Lakshmana anaporudi anamdhania kuwa mwanamume mgeni aliyejipenyeza chumbani mwake, akamkemea. Kemeo hilo, kwa maoni yetu, lina uzito kuliko beti zote za huzuni za Saket.

Swali la Tagore, pamoja na umuhimu wake, lina kasoro moja. Linapima haki ya mhusika kwa idadi ya beti alizotengewa. Likifuatwa hadi mwisho, dawa ya ukimya itakuwa ni kuongeza beti. Kuna wanawake ambao hawakusahauliwa hata kidogo na tendi hizi. Walihitajiwa sana. Juu yao yafaa kuulizwa jambo jingine: ni deni la nani wanalolipa, na nani anayesimulia kwamba limelipwa?

Kisa cha Madhavi kimo katika Udyoga Parva, kitabu cha tano cha Mahabharata. Msimulizi ni Narada, na msikilizaji wake ni Duryodhana, katika baraza la Hastinapura, wakati Krishna amekuja kutafuta suluhu kabla ya vita. Lengo linalotajwa wazi ni kumwonya Duryodhana dhidi ya ukaidi. Mkaidi wa kisa ni Galava, mwanafunzi wa Vishvamitra. Mwalimu amekwisha kumruhusu aende zake bila kudai chochote. Galava anashikilia kuuliza atoe ada gani. Vishvamitra anakereka, anamwamuru alete farasi 800 weupe kama mwezi, kila mmoja akiwa na sikio moja jeusi. Galava hana mali. Rafiki yake Garuda, ndege anayembeba Vishnu, anamfikisha kwa mfalme Yayati. Hazina ya Yayati imepungua, lakini mfalme huyu haoni kuwa yampasa kumrudisha mwombaji mikono mitupu. Anamtoa binti yake, akisema kuwa kwa ajili ya msichana kama huyo wafalme wangetoa hata falme zao, sembuse farasi 800.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Haryashva wa Ayodhya ana farasi 200 tu wa aina hiyo, na kwa hao anastahili mtoto mmoja. Divodasa wa Kashi ana 200. Ushinara wa Wabhoja ana 200. Madhavi anamzalia Haryashva Vasumanas, Divodasa Pratardana, na Ushinara Shibi. Kila mtoto anapozaliwa Galava hurudi kumchukua mama na kumwacha mtoto. Kisha Garuda anafichua kwamba farasi wengine hawapo tena duniani. Galava anampelekea mwalimu farasi 600, na Madhavi awe badala ya 200 waliosalia. Vishvamitra anamtazama mwanamke huyo na kuuliza kwa nini hakuletewa tangu awali, kwani wana wote wanne wangekuwa wake. Anazaa naye Ashtaka, naye Galava anakuwa hana deni.

Maelezo ya Garuda juu ya asili ya farasi hupitwa haraka na wasomaji wengi, ilhali ndiyo yanayokibeba kisa chote. Farasi hao walikuwa 1,000. Mtawa Richika aliwapata kwa Varuna ili awatoe kuwa mahari ya Satyavati, binti wa mfalme Gadhi. Gadhi aliwatoa sadaka kwa makuhani, wale wafalme watatu wakanunua 200 kila mmoja, na 400 waliobaki wakachukuliwa na mto. Sasa Gadhi ndiye baba yake Vishvamitra. Kwa hiyo kile ambacho mwalimu anakidai kwa hasira ni mahari ya dada yake mwenyewe, na njia pekee ya kuirejesha ni kumkodisha binti wa mtu mwingine. Mtunzi hasemi neno juu ya mzunguko huu. Ameuweka kinywani mwa ndege, katikati ya habari ya njiani, akaendelea. Sisi tusiosoma Kisanskriti na kutegemea tafsiri, ama ya Kisari Mohan Ganguli (1883–1896) ama ya J.A.B. van Buitenen, ambaye alikifikia kitabu hiki cha tano kabla ya kufariki 1979, tunauona mzunguko huo bila shida, maana haumo katika lafudhi wala katika mizani ya beti. Umo katika mpangilio wa matukio.

Ugumu kwa uhakiki wa kifeministi uko mahali pengine. Haryashva anaposema kuwa ana farasi 200 tu, Galava anatahayari asijue la kufanya. Anayetoa ufumbuzi ni Madhavi. Anamweleza kwamba mtu mtakatifu alimjalia karama ya kuurudia ubikira kila baada ya kujifungua, basi na ampe kwa mfalme huyu, kisha kwa wengine, mpaka idadi itimie. Ni kauli yake ya kwanza, na ndiyo ndefu kuliko zote anazopewa. Je, huu ni uhuru wa kutenda? Kuna atakayejibu kuwa ndiyo, kwa kuwa mhusika anasema na neno lake linabadili mwendo wa kisa. Mwingine atasema kwamba mtunzi amemtia kinywani hoja ambayo wanaume wangeona haya kuitamka. Sisi tunaelekea upande wa pili, lakini kwa tahadhari. Madhavi alikuwa amekwisha kutolewa na babake kabla hajafungua kinywa. Hakuulizwa kama anakubali, na kwa hiyo lililobaki mikononi mwake lilikuwa muda tu. Anazungumza kama mtu anayejua hesabu kuliko mdaiwa mwenyewe na anayetaka ifungwe. Karama yenyewe yafaa kutiliwa shaka: inamrudishia mnunuzi anayefuata bidhaa isiyotumika. Kwake yeye hairudishi kitu, hata watoto.

Ndiyo maana uamuzi wake wa mwisho una nguvu kiasi hicho. Yayati anamwandalia kusanyiko la wachumba, na ndugu zake Puru na Yadu wanampeleka kwa gari hadi kwenye makutano ya Ganga na Yamuna. Wachumba wamejaa. Madhavi anawapita wote na kuuchagua msitu uwe mume wake, akashuka garini na kwenda kuishi kama paa, akila majani. Hakuna hotuba. Mwanamke aliyekubali wanaume wanne kwa ajili ya hesabu ya mtu mwingine anakataa wote siku ya kwanza anapoulizwa anachotaka.

Lakini utendi haumwachi huko. Baada ya miaka mingi Yayati anaporomoka kutoka mbinguni kwa sababu ya majivuno, anaangukia katikati ya wajukuu wake wanne wanaofanya ibada, na Madhavi anatokea msituni na kumpa babake nusu ya thawabu alizojipatia kwa maisha yake ya kitawa. Wana nao wanatoa zao. Yayati anarudi juu. Kisha Narada anafunga kisa kwa kumtolea Duryodhana mafunzo mawili: Galava alitaabika kwa ukaidi, Yayati alianguka kwa kiburi. Madhavi hayumo katika funzo lolote. Amelipa mara mbili, kwanza kwa tumbo, pili kwa thawabu, na usimulizi unaomzunguka umewahesabia wanaume wawili hasara.

Bhisham Sahni aliuona upungufu huu alipoandika tamthilia yake Madhavi katika miaka ya 1980. Anamrudisha mwanamke katikati ya jukwaa na kumfanya ampende Galava, ambaye mwishowe anamvunja moyo. Tamthilia hiyo inaigizika vizuri. Tunahofu, hata hivyo, kwamba penzi limepunguza makali ya kisa. Madhavi wa Sahni anaumia kwa sababu amependa asiyestahili. Yule wa Mahabharata hana hata faraja ya kuwa amekosea katika kuchagua.

Mwanamke wa Kinishada ana beti chache mno, nazo zimo katika Adi Parva, kitabu cha kwanza. Wana wa Pandu na mama yao Kunti wamewekwa katika nyumba ya ulimbo huko Varanavata ili wateketezwe. Yudhishthira anapanga watoroke: waichome nyumba wenyewe, waache humo watu sita, waondoke bila kutambuliwa. Usiku huo Kunti anaandaa karamu ya sadaka. Mwanamke wa msituni anakuja na wanawe watano kutafuta chakula, wanakunywa, wanalewa, wanalala. Bhima anatia moto. Watu wa mji wanaiona miili na kuwaombolezea Wapandava. Mtunzi anasema kwamba mwanamke huyo alifika kwa bahati, akisukumwa na ajali yake. Msomaji aliyekuwa makini anakumbuka kuwa idadi sita ilitajwa kabla hajafika.

Mahasweta Devi aliichukua dosari hiyo na kuitungia hadithi fupi, ambayo tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka 2005 katika After Kurukshetra. Vita vimekwisha, Kunti yuko msituni na wakwe zake, na anaungama peke yake juu ya Karna, mwana aliyemtupa. Mwanamke wa Kinishada amekuwa akimsikiliza siku nyingi, akingoja ungamo jingine. Halitokei. Kunti amesahau. Msikilizaji huyo ni mkwe wa yule aliyeungua. Devi hahitaji kubuni mwisho, kwa kuwa Mahabharata yenyewe inao: Kunti, Gandhari na Dhritarashtra wanakufa katika moto wa msitu. Utendi unaueleza moto huo kuwa umetokana na moto wa ibada wa Dhritarashtra mwenyewe, na hauhusishi kabisa na ule wa Varanavata.