Barafu Juu ya Kitanda: Gesi Ilisingiziwa

Kiyoyozi kikiganda, mafundi wengi huwa na jibu moja: gesi imeisha. Nililisikia Kariakoo nilipokuwa najifunza kazi, na nalisikia bado hapa Texas, ambako siku hizi nahudumia magari-nyumba, yale magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo, ambayo Wamarekani husafiria na wengine huhamia moja kwa moja wakistaafu. Nataka kueleza kazi moja niliyoifanya Julai, kwa sababu jibu hilo nusura limtie mtu hasara ya kiyoyozi kizima.

Gari lilikuwa limeegeshwa kambini Galveston, kisiwa cha Ghuba ya Mexico chenye joto la kunata kama la Tanga mwezi wa Februari. Mwenyewe, muuguzi mstaafu, ni mzaliwa wa Tanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone maajabu. Nje watu wanachemka, mimi nina barafu juu ya kitanda."

Kiyoyozi chake ni cha kukaa juu ya paa, cha BTU 13,500 kwa saa, yaani takriban kilowati 4 za kupoza. Kilikuwa kikiwashwa kinapuliza baridi nzuri kwa saa mbili hivi, kisha upepo unapungua kidogokidogo hadi unabaki pumzi tu. Kikizimwa, maji yanadondoka kitandani. Fundi aliyenitangulia alisafisha koili, akasema gesi imepungua, na kwa kuwa viyoyozi vya aina hii hufungwa kabisa kiwandani bila mdomo wa kujazia gesi, akamshauri anunue kipya.

Hapo ndipo niliposimama. Gesi si mafuta, haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya bomba lililofungwa miaka yote, na ikipungua ujue kuna tundu. Tundu hutokea, sikatai, lakini lazima lithibitishwe.

Nilizima kompresa, yaani pampu ya gesi, nikaacha feni izunguke kwa kasi ya juu. Hewa ya chumbani huyeyusha barafu yenyewe. Kuikwangua kwa kisu ni kutafuta balaa, maana mapezi ya koili ni bati jembamba la alumini na nyuma yake kuna bomba la gesi. Kabla haijayeyuka, nilimulika tochi nikaangalia ilivyokaa. Jambo hili watu hulipita haraka, nami naliona ndilo lenye ushahidi mwingi. Gesi ikiwa pungufu, barafu hukaa upande ambao gesi inaingilia, na sehemu kubwa iliyobaki ya koili huwa kavu na vuguvugu. Hii ilikuwa imetanda sawasawa kutoka pembe hadi pembe, nyeupe kama ile ya friza ambayo haijayeyushwa mwaka mzima. Barafu ya namna hiyo inaashiria tatizo la hewa.

Baada ya kuyeyuka niliwasha tena na kupima umeme wa kompresa kwa mita ya kubana waya. Ampea zilikuwa zilezile zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine. Kompresa yenye gesi kidogo hufanya kazi nyepesi na hula umeme pungufu. Shahidi wa pili naye akawa upande wa gesi.

Sasa hewa inahusikaje? Koili ya ndani hufanya kazi kwa kupokea joto. Gesi huingia humo ikiwa kimiminika, ikachemka kwa joto inaloletewa na hewa ya chumbani, na mambo yakiwa sawa koili hubaki nyuzi chache juu ya sifuri. Unyevu hugeuka maji na kuteremka kwenye sinia. (Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka 1902, shida ilikuwa unyevu ulioharibu uchapaji katika kiwanda kimoja cha Brooklyn. Kukausha hewa ni kazi ya asili ya mashine hii.) Joto likipungua kufika, koili hushuka chini ya sifuri, na yale maji huganda papo hapo kwenye mapezi. Barafu hupitisha joto vibaya kuliko alumini, tena kwa zaidi ya mara mia, na inaziba njia ya hewa. Kwa hiyo joto linazidi kukosekana, na barafu inazaa barafu. Ndiyo maana nasema kiyoyozi kilichoganda hivi kimenyimwa joto.

Kwa nini kilinyimwa? Chujio lilikuwa safi, mama analiosha kila baada ya wiki mbili. Mapezi yalikuwa na vumbi kidogo tu. Nikapima joto la hewa. Chumbani palikuwa na nyuzi 27, na hewa iliyotoka kwenye tundu la dari ilikuwa 10. Tofauti ya 17! Mtu angefurahi na kusema mashine ina nguvu. Mimi nilishtuka, kwa sababu koili nzima ya aina hii hupunguza kama nyuzi 9 hadi 12 kwa mpito mmoja. Nikafungua kifuniko cha dari, nikaingiza kipimajoto hadi mbele ya koili. Kikasoma 21.

Hesabu ikajifungua yenyewe. Hewa inatoka chumbani na 27, inafika kwenye koili ikiwa 21. Hizo nyuzi 6 zimepotelea njiani kwa kuchanganyika na hewa baridi iliyokwisha kupozwa. Gawanya 6 kwa 17: takriban theluthi ya hewa iliyopita kwenye koili haikuwa ya chumbani, ilikuwa inazungushwa humo humo darini.

Viyoyozi hivi huwekwa juu ya tundu la mraba paani, kama sentimita 36 kila upande. Ndani ya tundu hilo dogo hewa inayovutwa na hewa inayosukumwa hupitia ubavu kwa ubavu, zikitenganishwa na kizuizi chepesi. Upande mmoja feni inasukuma, upande wa pili feni hiyohiyo inavuta, kwa hiyo ufa mdogo tu unatosha. Nilipopitisha kiganja pale nikahisi upepo baridi ukikimbilia nyuma. Mkanda wa kitambaa uliobandikwa huko nyuma ulikuwa umebanduka na kuning'inia, gundi yake imegeuka utelezi.

Na kulikuwa na jambo la pili. Sensa ya baridi, ambayo kazi yake ni kuzuia kompresa koili ikikaribia kuganda, ilikuwa inaning'inia hewani. Ilichomolewa wakati wa kusafisha, haikurudishwa kati ya mapezi. Usiku mama aliweka feni kasi ya chini ili apate usingizi, hewa ikapungua zaidi, na mlinzi hakuwa zamu.

Nilifuta unyevu, nikapanguza kwa spiriti, nikaziba kila mwanya kwa mkanda wa foili, ule wa alumini usioachia kwa joto wala maji. Nilichomeka sensa mahali pake, nikafunga. Nusu saa baadaye: mbele ya koili 26, kwenye tundu la dari 15.

Mama aliinua mkono kwenye tundu, akakunja uso. "Mwanangu, mbona sasa si baridi kama mwanzo?"

"Subiri kidogo, mama. Mwanzo hewa ilikuja kidogo ikiwa baridi sana. Sasa inakuja yote."

Kabla ya magharibi chumba kilikuwa na nyuzi 23, jambo ambalo alisema hakuliona tangu Mei. Nilimwomba feni iwe kasi ya juu siku za unyevu, na akimaliza kupika afunge tundu la paani la kutolea moshi, ili unyevu wa nje usiingie.

Hapa Marekani anayefungua mfumo wa gesi anatakiwa kisheria awe na cheti cha EPA, shirika la serikali la kulinda mazingira, na kutoboa bomba lililofungwa kiwandani ni kuongeza mahali pa kuvuja. Kwa hiyo ndugu msomaji, kiyoyozi chako cha paani kikiganda, usikubali kitobolewe wala kitupwe mpaka fundi akuonyeshe vipimo viwili: joto la hewa chumbani, na joto la hewa mbele ya koili.