Bolijointi na Mikono ya Buyenzi

Ukitaka kujua thamani ya bolijointi, teremka na gari kutoka Bugarama hadi Bujumbura. Katika kilomita zisizozidi 40, barabara ya RN1 inashuka kutoka zaidi ya mita 2,000 hadi kwenye tambarare ya Ziwa Tanganyika, kona baada ya kona. Malori yanapanda yakihema, na baiskeli zilizosheheni ndizi na makaa zinateremka kwa kasi inayotisha. Muda wote huo, katika Prado au Hilux Surf, kila gurudumu la mbele limeshikwa na bolijointi mbili, ya juu na ya chini, na kila moja inaenea kiganjani.

Kazi yake inafanana na ya nyonga ya binadamu. Tufe la chuma limekaa ndani ya kikombe, na kwa hiyo gurudumu linaweza kukata kushoto na kulia huku likipanda na kushuka kufuata mashimo. Raba ndogo huzuia vumbi na kutunza grisi. Raba hiyo ikichanika, hesabu imeanza: maji ya tope yanaingia, grisi inatoka, chuma kinasaga chuma. Gari lililopita kwenye maji ya Gatumba, pale Mto Rusizi ulipofurika mwaka 2020, halikuhitaji jiwe wala shimo ili kuharibika. Ufa mmoja wa raba ulitosha.

Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, magari hufunguliwa kando ya barabara, na mazungumzo ya karakana ni ya Kiswahili, yenye Kirundi na Kifaransa ndani yake. Ninachokipenda kwa mafundi hodari wa pale ni kwamba hawaanzi na spana. Wanaanza na maswali. Mlio unatoka upande gani? Unasikika ukipita tuta, au ukikata kona? Usukani unatulia, au unatangatanga? Kisha fundi anapitisha kiganja juu ya tairi, akitafuta upande ulioliwa kuliko mwingine.

Jeki nayo ina mahali pake. Kwa gari ambalo springi yake imekaa kwenye mkono wa chini, ule wa chuma unaobeba gurudumu, jeki huwekwa chini ya mkono huo, ili bolijointi ya chini ipumzike na ulegevu wake ujitokeze. Ikiwekwa chini ya chasisi, springi inaukandamiza mkono na kuuficha ugonjwa. Gari likishakaa juu ya stendi imara, fundi anashika tairi juu na chini na kulitikisa. Likicheza, bado hasemi neno. Anamwambia kijana wake, “Kanyaga breki, mdogo wangu,” halafu anatikisa tena. Ulegevu ukitoweka, mgonjwa ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, anapenyeza mtaimbo chini ya tairi, anainua taratibu, na kuweka kidole kwenye bolijointi yenyewe. Kidole kinahisi kile ambacho jicho halikioni. Kwa jaribio hilo la dakika chache mwenye gari anaokolewa asinunue kipuri ambacho hakikuhitajika.

Kuna magari ambayo subira hii ni suala la uhai. Katika Hilux Surf ya kizazi cha tatu, uzito wa gari huvuta tufe la chini litoke kwenye kikombe chake badala ya kulisukuma ndani. Likichakaa mno linachomoka, gurudumu linalala chini ya bodi, na usukani hauna tena la kuamua. Mwaka 2005 Toyota yenyewe iliita mamia ya maelfu ya magari, yakiwemo pikapu za Tacoma na magari ya 4Runner, ndugu wa Surf, kwa sababu ya bolijointi za chini.

Kuitoa bolijointi ni sanaa nyingine. Fundi mzuri hufunga kalipa ya breki kwa waya, isining’inie kwenye mpira wake. Msumari wa bolijointi umechongwa mwembamba kuelekea ncha, nao umejikaza ndani ya tundu lake kwa miaka. Hapigi ncha. Anashika nyundo nzito upande mmoja wa tundu na kugonga upande wa pili kwa nyingine, hadi chuma kinapoachia kwa mlio mmoja. Kabla ya kufunga mpya anasafisha tundu lile mpaka ling’ae, maana uchafu kidogo huzuia msumari kukaa sawasawa. Nati ikikazwa kwa kipimo na tundu la pini kwenye msumari lisikutane na pengo la nati, anakaza mbele kidogo mpaka likutane. Hairudishi nyuma kamwe. Mwisho gari linakwenda kupimwa alaimenti, kwa sababu pembe za magurudumu zimeguswa.

Wengi wanataka zaidi ya kubadilisha: wanataka kuboresha. Ni haki yao, lakini waanze na sababu. Gari lililoinuliwa kwa springi ndefu huilaza bolijointi ya juu karibu na mwisho wa mzunguko wake hata kwenye lami, na hapo mikono mipya ya juu, iliyoundwa kwa pembe hiyo, ina maana. Bolijointi yenye nipo ya grisi ni nzuri kwa mtu atakayeipaka grisi. Kwa asiyeipaka, ile iliyofungwa kabisa ya kiwandani inamfaa zaidi. Na kwa gari ambalo halijainuliwa, kipuri halisi kilichofungwa kwa mikono yenye subira kinashinda kipuri cha fahari kilichofungwa kwa haraka.

Basi ndugu msomaji, gari lako likianza kugonga mbele, lipeleke kabla ya safari ya mlimani. Mwachie fundi muda wa kukagua, na umlipe kwa ukaguzi huo hata asipokuta ubovu, kwa kuwa huo ndio ufundi wenyewe.