Ushujaa wa Makabwela katika Maandishi juu ya Msiba wa Bandari ya Halifax

Miongoni mwa misiba mikuu ya bandari, ule wa Halifax katika nchi ya Kanada umeacha nyuma yake maandishi ya kila namna: riwaya, tasnifu, kumbukumbu za baraza la uchunguzi, masimulizi ya walionusurika, na hata sinema fupi. Katika hayo yote, sifa ya ushujaa haikosekani. Linalostahili kuulizwa ni kama sifa hiyo imegawanywa kwa haki, na kama namna yenyewe ya kuhadithia haikuwanyang'anya wengine fungu lao kabla mwandishi hajatia wino kalamuni.

Habari yenyewe yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Desemba 1917, meli ya Kifaransa iitwayo Mont-Blanc iligongana na meli ya Kinorwe iitwayo Imo katika mlango mwembamba wa bandari hiyo. Mont-Blanc ilikuwa imejaa shehena ya vita: asidi ya pikriki zaidi ya tani 2,000, baruti kali ya TNT tani 200 au zaidi, na juu ya sitaha mapipa ya benzoli. Benzoli ikashika moto. Mabaharia wake, waliojua kilichomo ngamani, wakashuka mashuani wakavuta makasia mpaka pwani ya Dartmouth. Meli ikachukuliwa na maji hadi Gati Na. 6, chini ya mtaa wa Richmond, walikokaa wafanyakazi wa bandari na wa reli pamoja na watu wao. Saa tatu na dakika nne, yapata dakika 20 baada ya kugongana, ikalipuka. Watu wapatao 2,000 walikufa na 9,000 walijeruhiwa. Wengi waliumizwa macho kwa vioo, maana walikuwa wamesimama madirishani wakitazama moto. Nyumba za mbao ziliangukia majiko yaliyokuwa yakiwaka, nazo zikaungua na waliomo. Kesho yake ikaanguka theluji nyingi yenye upepo.

Kitabu kilichoufanya msiba huo ujulikane katika fasihi ni riwaya ya Hugh MacLennan, *Barometer Rising*, iliyotoka mwaka 1941. MacLennan alikuwa mtoto wa miaka kumi mjini Halifax siku ya mlipuko, na hilo laonekana. Ameipanga riwaya kwa siku, kuanzia Jumapili ya kabla ya msiba, na sehemu inayoeleza mgongano na mlipuko imeandikwa kwa utulivu, kama mtu anayesoma hesabu ya maiti asithubutu kupaza sauti. Hapana shaka hapo ndipo riwaya ilipofikia kilele chake. Lakini msomaji akiuliza ni akina nani wanaotenda matendo ya ushujaa baada ya mlipuko, jibu ni hili: Neil Macrae, afisa wa jeshi aliyerudi kwa siri ili asafishe jina lake, na Angus Murray, daktari. Mmoja aongoza uokoaji, na mwingine apasua majeruhi katika nyumba ya tajiri. Watu wa Richmond ni wale wanaookolewa na kupasuliwa.

Yumo kabwela mmoja aliyepewa jina na sura, Alec MacKenzie, mtu wa Cape Breton mwenye maungo makubwa na moyo mweupe. Yeye ndiye shahidi pekee awezaye kuthibitisha kuwa Neil hakuasi amri vitani. Mlipuko wamjeruhi vibaya. Naye, kabla ya kukata roho, atoa ushahidi wake. Afisa asafishwa, Alec azikwa. MacLennan hakukusudia dharau. Bila shaka alimpenda mtu huyu kuliko wengi wa wahusika wake. Hata hivyo, kwa muundo wa hadithi, Alec ni ngazi. Msiba wenyewe, ulioua mitaa mizima, wafanyiwa kazi ya kufungua mafundo ya mapenzi na ya heshima ya familia moja: Kanali Wain, aliyekuwa adui wa Neil, auawa na mlipuko huo huo kwa wakati ufaao mno. Mhakiki aweza kuusamehe usadifu huo katika riwaya ya kwanza kutolewa ya kijana. Ni vigumu zaidi kusahau kwamba kwa miaka mingi wasomaji wengi waliijua Halifax kwa kitabu hiki.

Baada ya riwaya, umaarufu ulimwendea mtu mwingine, naye si wa kubuniwa. Vincent Coleman alikuwa karani wa reli katika stesheni ya Richmond, kazi yake kuongoza safari za treni kwa simu. Baharia mmoja alipopita akipiga kelele kwamba meli inayowaka imejaa baruti, Coleman alianza kukimbia pamoja na mwenzake, kisha akarudi mezani. Alikumbuka treni ya abiria iliyokuwa njiani kutoka Saint John. Akapiga simu kuzuia treni, akafa penye chombo chake. Mwaka 1991 kisa hiki kilifanywa sinema fupi ya dakika moja katika mfululizo wa kumbukumbu za nchi ya Kanada, na tangu hapo watoto wa shule hukijua kama wajuavyo wimbo wa taifa.

Hapa yafaa kusimama kidogo, kwa ajili ya lugha. Kiswahili kikiombwa kumwita Coleman kwa kazi yake, kina neno zuri la zamani: mpiga simu. Neno simu limetoka katika Kiajemi, na maana yake ya asili ni waya. Lilianza kutumika pwani kwa habari zipitazo katika waya kabla ya sauti ya mtu kupita humo. Basi kazi yake ina jina. Lakini sifa yake? Shujaa wa tenzi kongwe si mtu wa meza. Ni mtu wa upanga, wa ukoo, na wa umbo. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo uliotungwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu, Liyongo akisha kufa amepiga goti penye kisima na uta mkononi, watu wa mji hukaa siku nyingi bila maji, wasithubutu kusogea. Watu wa kawaida katika kisa hicho ni wenye ndoo tupu. Wahoji hapa si utenzi, ambao una sheria zake na uzuri wake. Jambo ni kwamba neno shujaa limekuja na jamaa zake, nalo likipewa karani huwavuta hao jamaa pamoja nalo: mmoja mbele, wengine nyuma wakitazama.

Na ndivyo alivyofanyiwa Coleman. Wanahistoria wamehitilafiana kama ni simu yake iliyoizuia treni hiyo, kwa kuwa ilikuwa imechelewa hata hivyo. Lililo hakika ni kwamba habari yake ilipita katika stesheni za njia nzima, na kwamba alirudi akijua atakalokutana nalo. Tendo lake halipungui hata chembe. Kinachopungua ni picha iliyomzunguka. Sinema ya dakika moja huhitaji mtu mmoja, kujua kumoja, na chaguo moja. Coleman anavyo vyote vitatu. Wengine waliokufa asubuhi ile hawanavyo, na kwa hiyo wameachwa nje.

Tazama wale wa tagi *Stella Maris*. Nahodha wake, Horatio Brannen, alikuwa akivuta matishali. Alipoiona Mont-Blanc inawaka aliyaacha matishali akarudi kuumwagia moto maji, na mashua kutoka manowari Highflyer na Niobe zikaja kusaidiana naye. Walikuwa katika shughuli ya kuifunga kamba meli waivute mbali na gati ilipolipuka. Brannen alikufa na wenzake 18, walinusurika watano. Tazama pia watu wa zimamoto waliofika gatini na gari lao la mota liitwalo Patricia. Tisa wa zimamoto walikufa, pamoja na mkuu wao Edward Condon na naibu wake. Dereva, Billy Wells, alinusurika.

Hawa wa zimamoto hawakujua kilichomo melini. Je, asiyeijua hatari aweza kuitwa shujaa? Swali hili si la mzaha, na waandishi wengi wamelikwepa kwa kunyamaza. Wengine hujibu kwamba ushujaa hauwi ila penye ujuzi na hiari, na kwamba aliyekufa kwa kutojua ni mhanga tu. Jibu hilo lina sura ya mantiki, lakini linasahau kazi. Mzima moto hakuajiriwa ili aijue kila hatari. Ameajiriwa aende asikokujua. Hiari yake aliitoa siku alipoingia kazini, naye huitoa tena kila kengele inapolia. Kumtaka aonyeshe hiari nyingine mpya, yenye machozi na saa inayohesabu sekunde, ni kutaka maisha yafuate kanuni za sinema.

Na hata kwa anayeng'ang'ania kanuni ya ujuzi na hiari, ushahidi upo, ila haupo pale wanapoutafuta. Saa moja hivi baada ya mlipuko, moshi na mvuke vilionekana penye ghala ya baruti ya kambi ya Wellington, na uvumi ukaenea kwamba mlipuko wa pili unakuja. Watu waliamriwa kutoka majumbani wakimbilie viwanja vya wazi. Maelfu walikwenda, tena waliokuwa wakifukua vifusi waliacha kufukua. Lakini walikuwako waliokataa. Walibaki wakiinua mbao juu ya watoto wao na watoto wa jirani, wakiamini kabisa kwamba dakika yoyote watakufa. Ghala haikulipuka, ndiyo maana hadithi haina kilele, na ndiyo maana haikufanyiwa sinema. Bali chaguo la Coleman, lile lile kwa kila sifa yake, lilifanywa saa ile na watu ambao hakuna aliyewahesabu.

Habari za namna hiyo zilipona kwa juhudi ya mwalimu wa fasihi. Archibald MacMechan, profesa wa Kiingereza katika chuo kikuu cha Dalhousie, aliwekwa mwezi ule ule wa Desemba 1917 kuongoza ofisi ya kukusanya kumbukumbu za msiba. Walioponea chupuchupu, wauguzi, askari na makarani walihojiwa, na maneno yao yakaandikwa. Masimulizi haya hayana mapambo. Mtu huanza na chai ya asubuhi, hutaja jiko, hutaja nani alikuwa chumba gani, kisha sentensi moja yakatika na nyumba haipo. Hakuna asemaye kwamba alifanya jambo kubwa. Msimulizi husema alirudi kumchukua fulani, kama asemavyo mtu aliyesahau mwavuli. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, upungufu huu wa sifa ndio utajiri wake: ushujaa unapatikana katika vitenzi, si katika vivumishi.

MacMechan mwenyewe aliandika historia ya msiba asiimalize. Alikufa mwaka 1933, na kazi yake haikuchapishwa mpaka mwaka 1978. Mwandishi aliyeendeleza njia hiyo vizuri kuliko wengine ni Janet Kitz, katika *Shattered City* cha mwaka 1989. Yeye alianzia katika vitu vilivyotolewa mifukoni mwa maiti na visidaiwe na mtu, akavifuatia mpaka kwa walio hai. Kitabu chake hakina ufundi wa MacLennan wa kupanga sentensi, na mahali pengine kinachosha kwa majina. Kuchosha huko kuna haki yake.

Hata hivyo makusanyo hayo nayo yana mipaka, na mhakiki asiyeitaja atakuwa amefanya kosa lile lile analowalaumia wengine. Upande wa Dartmouth, penye kijito cha Tufts, palikuwa na kijiji cha Wamikmak kilichoitwa Turtle Grove. Wimbi na mlipuko vilikifuta, wala hakikujengwa tena. Kaskazini ya Richmond palikuwa na Africville, mtaa wa watu weusi, ambao nao uliharibiwa na ukapata msaada haba, mpaka mji wenyewe ulipoubomoa katika miaka ya 1960. Katika riwaya, watu hawa karibu hawapo. Katika sinema hawapo kabisa.

Yafaa kukumbuka pia kwamba mji uliotaka shujaa mmoja ulitaka vile vile mkosa mmoja. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Drysdale ulimaliza kazi mwezi wa Februari 1918 kwa kuilaumu Mont-Blanc peke yake. Nahodha Le Médec, rubani Francis Mackey, na Wyatt, afisa wa bahari, walitiwa mbaroni. Hakuna aliyehukumiwa. Mwaka 1919 Mahakama Kuu ya Kanada iliona kuwa meli zote mbili zina lawama sawa, na mwaka 1920 Baraza la Mfalme mjini London likakubali. Mackey aliishi na lawama hiyo mpaka uzeeni.

Sinema ya Coleman hukoma treni inapookoka. Kumbukumbu haziishii hapo. Treni ile ile, vioo vyake vimevunjika, ilisogea mbele siku hiyo hiyo mpaka karibu na vifusi vya Richmond. Abiria wakawapisha majeruhi, wakasaidia kuwafunga vidonda kwa nguo walizokuwa nazo. Ikageuzwa, ikawachukua mpaka Truro. Majina ya abiria hao hayakuandikwa.