Fundi wa Kivuli

Watu wakisikia kuna chombo kinatumwa Juani, hudhani kazi ni kukipa nguvu za kufika. Kumbe ugumu uko upande wa pili. Dunia hulizunguka Jua kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa sekunde, na kila kinachoondoka hapa huondoka na mwendo huohuo. Kisipopunguziwa kitabaki kuzunguka tu, hakitateremka. Ndiyo maana Parker, chombo cha NASA kilichorushwa Florida tarehe 12 Agosti 2018, kilipitishwa kando ya Zuhura mara saba, na sayari hiyo ikawa inakipokonya sehemu ya mwendo wake. Kichekesho ni kwamba kadiri kilivyopokonywa ndivyo kilivyozidi kuporomoka kwa kishindo, hadi kilomita 690,000 kwa saa. Ufundi ninaousifu hapa ni wa kupunguza.

Itazame ngao yake. Upana wake ni kama mita 2.4, unene sentimita 11 na ushee, na uzito wake, kilo 73 hivi, ni wa mtu mzima mmoja. Ni mabamba mawili ya kaboni yaliyobana povu la kaboni, na asilimia 97 ya povu hilo ni uwazi. Uso unaoelekea Jua umepakwa kauri nyeupe ili urudishe mwanga ulikotoka. Uso huo hukaribia nyuzi 1,400 za Selsiasi, ilhali nyuma yake vifaa vinakaa kwenye nyuzi 30 hivi, joto la mchana wa kawaida pwani. Fundi mwingine angerundika chuma. Hawa wa maabara ya Johns Hopkins, Maryland, walijenga kivuli. Na kwa kuwa amri ya redio huchukua dakika kama nane kufika, waliweka vihisi vidogo pembezoni mwa kivuli hicho: mwanga ukikigusa kimojawapo, chombo hujigeuza chenyewe bila kungoja kuambiwa.

Atatokea wa kuuliza: korona, yaani anga ya nje ya Jua, si ina joto la nyuzi zaidi ya milioni moja? Ndiyo, lakini ni nyembamba mno. Ingiza mkono ndani ya tanuri la mikate bila kugusa kitu, utatoka salama. Gusa trei, utaungua. Chembe za korona zina kasi kali, ila ni chache. Kinachounguza zaidi ni mwanga.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha. Dola bilioni 1.5, wakati darubini zipo? Swali ni la haki. Lakini upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zinazotoka kwenye Jua, ukifika kwetu umesafiri kilomita milioni 150 na kuchanganyika; anayechota maji ya mto pale unapoingia baharini hawezi kueleza chemchemi yake. Mwanafizikia Eugene Parker, ambaye chombo hiki kinabeba jina lake, alipotabiri upepo huo mwaka 1958, wahakiki waliikataa makala yake, na mhariri Chandrasekhar akaichapisha hata hivyo. Ubishi uliisha vifaa vilipokwenda kuupima angani. Hata leo haijaelezwa kikamilifu kwa nini korona ni ya moto kuliko uso wa Jua wenye nyuzi 5,500, kana kwamba ukiupa moto kisogo ndipo unazidi kuungua. Wala si udadisi mtupu: Machi 1989 dhoruba ya Jua ilizima umeme Quebec, Kanada, watu milioni 6 wakakaa gizani kwa saa tisa.

Tarehe 24 Desemba 2024 Parker kilipita kilomita milioni 6.1 tu kutoka uso wa Jua, bila mawasiliano na Dunia. Siku mbili baadaye mafundi walipokea mlio mmoja wa redio, usio na picha wala takwimu. Kivuli kilikuwa kimeshika.