Pumzi ya Watu na Madaraka ya Machifu Rungwe

Kitabu cha Monica Wilson, Good Company, kilichopigwa chapa mwaka 1951, chaeleza vijiji vya marika vya Wanyakyusa, kutokana na uchunguzi uliofanywa na yeye na mumewe, Godfrey, huko Rungwe kati ya 1934 na 1938. Jina lake lasifu usuhuba wa watu wa rika moja wanaokula na kuzungumza pamoja. Lakini jambo zito kuliko yote humo si usuhuba, ni manung'uniko.

Mwandishi asimulia imani ya "pumzi ya watu". Mtu akiwanyima jirani chakula, au akiwadharau wazazi, majirani hunung'unika, na pumzi yao humshukia kama baridi na homa, hata akiri kosa na kuwaandalia karamu. Chifu naye hakusalimika. Tena alijua kwamba waliochoka naye waweza kuhamia kwa mwingine. Na chifu bila watu si chifu.

Kitabu chayapima hayo hasa kama ulinzi wa maadili ya kijiji, na hapo ndipo hoja yake inapopungua, kwani hayo yalikuwa siasa pia. Ila siasa hiyo ilikuwa na mipaka. Pumzi ilimrekebisha chifu, haikugusa uchifu. Tena aliyefanikiwa kuliko wenzake aliiogopa sawa na mkosaji. Zaidi ya hayo, tangu sheria ya 1926 chifu alikuwa mtumishi wa serikali ya Waingereza: manung'uniko yaliweza kumfikia yeye, lakini hayakumfikia aliyemwajiri.

Kwa hiyo ilihitajiwa sauti ya namna nyingine. TANU, iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, ilimtaka mwanakijiji aseme mchana, mkutanoni, mbele ya watu asiowajua, tena aseme juu ya cheo, si juu ya mwenye cheo. Uhuru ukaja 1961, na mwaka 1963 machifu wa Tanganyika wakavuliwa madaraka ya serikali kwa sheria.

Hata hivyo, asiyemsoma Wilson aweza kudhani kwamba watu wa Tukuyu na milima yake walifundishwa na chama kumpinga mkubwa. Sivyo. Kupinga walikujua zamani. Kipya kilikuwa kupinga hadharani. Kitabu hakikukusudia kuthibitisha hayo, lakini ushahidi wake ni mpana kuliko hoja yake, na ndiyo maana chastahili kusomwa tena.